Runinga Inapoikataa Kanda ya Harusi

Ni nyumba chache za mwambao wetu leo zisizokuwa na hazina ya sauti na picha iliyotunzwa ndani ya kompyuta. Kanda za harusi za miaka ya tisini, zilizokuwa zikiota ukungu kabatini, zimehamishwa zikawa faili. Sauti ya bibi akisimulia jinsi alivyoolewa, iliyonaswa kwa simu ya mjukuu wiki chache kabla ya bibi kutangulia mbele ya haki, imo humo. Mtoto alipoanza kutembea, ami alipokuja likizo kutoka Maskati, watoto walipokhitimisha juzuu yao ya kwanza: yote yamo. Kompyuta iko chumbani juu, runinga pana imetundikwa ukumbini chini, na katikati yake iko ruta yenye taa zake za kijani. Kilichobaki ni vyombo hivi vizungumze, na hapo ndipo kizaazaa kinapoanza.

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa mama na dada zetu hufanana. Runinga haiioni kompyuta kabisa. Au yaiona, lakini kanda inayotafutwa haimo katika orodha. Au imo, ila ukiichagua wajibiwa kwamba faili hii haisomeki. Au yaanza vizuri, na bibi harusi akifika mlangoni picha yaganda, wageni waliokaa kutazama wakaanza kuangaliana. Baada ya siku mbili tatu za taabu huitwa fundi, naye kwa haraka zake hufungua kila mlango mpaka picha itoke, akapokea ujira wake akaenda zake. Kwa kweli makala haya yametusukuma kuyaandika huyo fundi kuliko hiyo runinga. Lakini hawezi mtu kumsimamia fundi asiyeijua kazi yake.

Tuanze kwa kuondoa hofu moja ya bure. Wengi hudhani kwamba kutazama kwenye runinga faili iliyo katika kompyuta ya nyumbani hula bando. La. Safari hiyo ni ya ndani kwa ndani: faili hutoka kwenye kompyuta, ikapita kwenye ruta, ikafika kwenye runinga, bila kutoka nje ya mlango wenu. Hata siku ambayo huduma ya intaneti imekatwa, maadamu ruta ina umeme, kanda itacheza. Basi mtu akikushauri ununue bando kubwa zaidi ili picha ya harusi iache kuganda, mshukuru kwa nia yake njema na ubaki na fedha zako.

Lugha ambayo vyombo hivi huitumia ina historia fupi. Mwaka 2003 Sony, Intel na kampuni nyingine waliungana kuweka kanuni moja, ili kompyuta ya kampuni moja iweze kuihudumia runinga ya kampuni nyingine. Kanuni hiyo yaitwa DLNA. Umoja wenyewe ulivunjwa mwaka 2017, lakini kanuni zake zimebaki ndani ya runinga nyingi zinazouzwa mpaka leo. Utendaji wake ni rahisi kuuelewa. Kompyuta hupiga mbiu ndani ya mtandao wa nyumba: mimi hapa, nina picha na sauti. Runinga huisikia mbiu hiyo, na jina la kompyuta likatokea pale pale yanapotokea majina ya HDMI na USB. Mbiu hii kwa kawaida haivuki kwenda mtandao mwingine. Husikika ndani ya mtandao mmoja tu. Tunaomba msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia mara mbili, mara moja kwa dhiki na mara moja kwa sitara.

Kabla ya kugusa chochote, jueni kwanza mwenye kosa ni nani: faili au njia. Ichukueni kanda inayosumbua, muinakili kwenye flashi, na flashi muichomeke runingani moja kwa moja. Ikicheza, faili haina hatia, kosa liko njiani. Ikikataa hata hapo, iacheni ruta ipumzike, kwani kosa ni la faili. Jaribio hili la dakika tano huokoa siku nzima ya kubahatisha. Lina mtego mmoja: flashi ya GB 32 iliyo tupu yaweza kuikataa kanda ya GB 5. Si uharibifu huo. Flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT32, usiopokea faili moja inayofika GB 4. Katika hali hiyo tumieni kanda fupi zaidi iliyorekodiwa kwa chombo kile kile, nayo itatoa ushahidi ule ule.

Sasa tuseme kosa ni la faili. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulichanganya. Herufi zinazofuata jina la faili, MP4, MKV, AVI, ni jina la bahasha, si jina la lugha iliyoandikiwa barua. Ndani ya bahasha moja mna barua mbili, ya picha na ya sauti, na kila moja imeandikwa kwa lugha yake. Lugha hizo ndizo wataalamu huziita kodeki. Runinga yaweza kuijua bahasha na isiijue barua. Ndiyo maana mara nyingine husikika sauti na kioo kikabaki cheusi: runinga imeielewa barua ya sauti, ya picha imeshindwa nayo. Na mara nyingine picha hutoka, sauti ikawa kimya. Hili hutokea sana kwa filamu ambazo sauti yake imeandikwa kwa DTS, lugha inayohitaji leseni ambayo watengenezaji kadhaa wa runinga hawakuilipia.

Mama mmoja wa Mji wa Kale alitujia na swali ambalo hatujasikia lililo zuri kuliko hilo. "Sheikh," alisema, "kanda ya harusi yangu ya mwaka 1996 yaonekana barabara. Ya mwanangu ya juzi, iliyochukuliwa kwa simu ya ghali, yasikika sauti tupu. Runinga hii yapenda mambo ya kale?"

"Mwanangu," tulimjibu, "runinga yenyewe ni ya kale. Ya juzi imeandikwa kwa lugha iliyokuja baada yake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Lugha ya picha iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003, na ni vigumu leo kupata runinga yenye kucheza faili isiyoielewa. Mrithi wake, H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilitoka mwaka 2013. Hii hubana picha zaidi, kwa hiyo simu huipenda kwa kuwa haijazi nafasi haraka. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo huo hurekodi kwa HEVC bila kumuuliza mwenye simu. Runinga iliyonunuliwa kabla ya wakati huo yaweza isiwe imepata kuisikia. Ukanda wa mama yule ulikuwa hivyo hivyo. Mwenye iPhone anaweza kuingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, akachagua Most Compatible. Kuanzia hapo kanda nyingi za simu yake zitaandikwa kwa H.264. Faili zitakuwa kubwa zaidi, lakini runinga ya ukumbini itazisoma.

Kwa kanda zilizokwisha kurekodiwa, dawa ni kuzifasiri. Kwanza ijue lugha yake: ifungue kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, kisha ubonyeze Ctrl pamoja na J, nayo itakuonyesha kodeki za picha na sauti. Angalia usidanganyike na jambo moja. VLC kuicheza kanda hakuiondolei faili shaka, kwa sababu VLC hutembea na wakalimani wake yenyewe. Yasoma karibu kila kitu. Runinga haina wakalimani hao. Ukishajua tatizo, programu ya bure iitwayo HandBrake itakufasiria: chagua bahasha ya MP4, picha H.264, sauti AAC. Kompyuta ya zamani yaweza kuchukua saa kadhaa kwa harusi moja, basi iache ifanye kazi usiku. Kuna wanaojaribu njia ya mkato kwa kulibadili jina tu, MKV ikaandikwa MP4. Huko ni kubadili maandishi ya juu ya bahasha. Barua ni ile ile.

Harusi zilizokuwa kwenye DVD zina vituko vyake. Ukiinakili DVD hukuti harusi moja. Wakuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye vipande vya VOB, kila kimoja kisichozidi takriban GB 1. Runinga huviona kama kanda mbalimbali, na sherehe hukatika katikati ya vugo. Mwelekeze HandBrake kwenye folda nzima, si kwenye kipande, naye atavisoma kama mkufu mmoja. Na usishawishike kuikuza picha. Kanda za enzi hizo za kwetu ni za nukta 720 kwa 576. Ukizilazimisha kuwa kubwa hupati uso wa bibi ulio wazi zaidi, wapata faili nzito tu.

Lililo muhimu kuliko yote katika kazi hii ni kutoifuta faili ya asili. Kila tafsiri hupoteza kitu, na tafsiri ya tafsiri hupoteza zaidi. Runinga itabadilishwa baada ya miaka michache. Bibi hatasimulia tena.

Tugeukie sasa njia. Flashi imecheza, lakini kupitia mtandao runinga haiioni kompyuta. Sababu ya kwanza ni nyepesi hata yachekesha: kompyuta imelala. Kijana ameifunga kifuniko akaenda zake, na chombo kilicholala hakipigi mbiu. Sababu ya pili ni ile tuliyoitangulizia, kwamba mbiu haivuki kwenda mtandao mwingine. Nyumba nyingi siku hizi zina ruta mbili, moja ya kampuni na nyingine iliyonunuliwa dukani ili mawimbi yafike vyumba vya nyuma. Kama ya pili haikupangwa vyema, huunda mtandao wake mbali, runinga ikawa mtaa huu na kompyuta mtaa wa pili. Kulijua hili si kazi. Tazameni anwani ya mtandao kwenye mipangilio ya runinga na kwenye kompyuta. Katika nyumba nyingi, zikiwa mtandao mmoja, mafungu matatu ya mwanzo hulingana, kama vile 192.168.1. Moja ikisema 192.168.1 na nyingine 192.168.0, mmeshampata mwizi. Na runinga ikiwa imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni wa ruta, pia haitaiona kompyuta, na hapo haina kosa: mtandao wa wageni umewekwa kwa kazi hiyo hiyo.

Sababu ya tatu ni ya Windows. Kompyuta ikikutana na ruta mpya, huichukulia kama mtandao wa mkahawani au uwanja wa ndege, ikajifungia. Kwenye mipangilio hali hii huandikwa Public. Ukiibadilisha ikawa Private kwa mtandao wa nyumbani pekee, na kuruhusu kushiriki kwa media, mara nyingi jina la kompyuta hutokea runingani papo hapo. Ama kanda kutoonekana ilhali kompyuta yaonekana, kwa kawaida ni kwamba faili imewekwa kwenye folda isiyo miongoni mwa zile zinazotangazwa. Iongezeni folda, msubiri kidogo.

Kuganda kwa picha ni hadithi nyingine, na sisi wa pwani tuna sehemu yetu maalumu ndani yake. Kuta za nyumba zetu za kale, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuzuia joto la mchana. Zinachozuia si joto peke yake. Ruta nyingi hutuma mawimbi ya aina mbili: ya GHz 2.4, yanayopenya ukuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na yenye msongamano wa majirani, na hata jiko la microwave huyavuruga. Na ya GHz 5, yenye kasi lakini dhaifu mbele ya ukuta mnene. Zaidi ya hayo, kompyuta na runinga zote mbili zikitumia waifai, kila kipande cha picha husafiri hewani mara mbili, kupanda kwenye ruta na kushuka kwenye runinga. Dawa yenye tija si ruta ya bei kubwa. Ni kebo moja ya mtandao, iwe kwa runinga au kwa kompyuta, na nusu ya safari ya hewani imeondoka. Kebo ya kawaida hufanya kazi mpaka mita 100. Nyumba gani yetu inayozidi hapo?

Hesabu pia yafaa. Kanda ya DVD haizidi takriban megabiti 10 kwa sekunde. Dakika moja ya 4K yenye fremu 60, iliyochukuliwa kwa iPhone kwa HEVC, ni kama MB 400, yaani zaidi ya megabiti 50 kila sekunde. Ndiyo maana harusi ya zamani hutiririka kwenye waifai dhaifu na ya juzi ikaganda. Kwa shughuli za nyumbani, kurekodi kwa 1080p kwatosha kabisa.

Tumefika kwenye lile lililotufanya tushike kalamu. Tulisema mbiu ya kompyuta husikika ndani ya mtandao mmoja. Sasa jiulizeni: ndani ya mtandao wenu wamo nani? Katika majumba ya ghorofa, nyumba mbili tatu huchangia gharama za intaneti na kutumia neno la siri moja. Kijana wa duka la chini alipewa siku ile ya mkopo wa soda. Fundi wa mwaka jana analo kwenye simu yake. DLNA haiombi neno la siri lake yenyewe. Aliyekwisha kuingia kwenye waifai, runinga yake nayo yaweza kuisikia mbiu ile ile, na kompyuta iliyopangwa kumkaribisha kila chombo itamfungulia. Adabu ya kubisha hodi tuliyolelewa nayo, chombo hiki hakikufunzwa.

Na ndani ya folda ile mna nini? Mna kanda ya kupamba. Mna wanawake waliovua mabuibui wakijua kwamba wako miongoni mwa wanawake, mabinti wa watu walioalikwa kwa amana, waliokubali kamera kwa sababu aliyeishika alikuwa mwanamke na mwenye nyumba aliahidi. Ahadi hiyo haikuisha ukumbi ulipofagiliwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 imewekwa zaidi kwa makampuni na maofisi, nayo huziacha kando shughuli za nyumbani za mtu binafsi. Kwa hiyo kanda ya kupamba hailindwi na ofisi yoyote, yalindwa na mwenye kompyuta.

Fundi wa haraka hufanya mambo matatu, na kila moja lina njia mbadala. Huizima kabisa programu ya ulinzi ya Windows, kwa sababu ikizimwa runinga huonekana mara moja. Badala yake, mwambieni aache ulinzi ukiwaka na aruhusu kushiriki kwa media pekee. Hutangaza diski nzima kwa kila mtu; mwambieni atangaze folda moja, na kanda za wanawake zisiwe ndani yake. Tatu, akikuta kisanduku cha zamani cha kuchezea kanda ambacho hakizioni folda za Windows 10, huirudisha SMB1, njia ya kale ya kushirikisha mafaili. Njia hiyo Microsoft iliacha kuiweka yenyewe mwishoni mwa 2017, na si kwa uchache wa hisani: mwezi Mei mwaka huo huo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipenya humo, kikafunga kompyuta nyingi duniani, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Kisanduku kinachohitaji SMB1 ni bora kibadilishwe.

Kwenye mipangilio ya kushiriki media ya Windows ipo orodha ya vyombo vyote vilivyosikika, na mbele ya kila kimoja pana ruhusa au kizuizi. Iruhusuni runinga ya ukumbini, muvizuie vilivyobaki. Majirani na wageni wahamishieni kwenye mtandao wa wageni wa ruta; intaneti wataipata kama kawaida, mbiu ya kompyuta hawataisikia. Nyumba yenye kanda nyingi na vijana wenye subira inaweza kuweka programu ya Jellyfin, ya bure, ambayo kila mtu huingia kwa jina na neno la siri lake, na maktaba ya wanawake ikafunguliwa kwa wanawake wa nyumba tu. Kanda za kupamba zenyewe, kwa maoni yetu, mahali pake ni diski ya nje isiyounganishwa na mtandao wowote, ikachomekwa runingani siku wanawake wanapotaka kutazama, kisha ikarudi kabatini. Diski ya pili yenye nakala ikae nyumba nyingine ya familia, kwa dada au kwa khalati.

Fundi akimaliza, kabla ya kumlipa, chukueni simu ambayo imeunganishwa na mtandao wa wageni, muifungue VLC, mtazame sehemu ya mtandao wa ndani. Jina la kompyuta yenu likitokea pale, mwambieni akae chini, kazi bado.